Dhiki za Kila Siku na Mshauri wa Mtandaoni



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo limekwisha ingia katika nyumba nyingi za Waislamu bila ya kubisha hodi, nalo ni ile desturi ya mtu kukaa chumbani peke yake, simu au kompyuta mbele yake, akamweleza mtu wa mbali, asiyemjua kwa kabila wala kwa ukoo, mambo yanayomsumbua moyoni, na kwa kazi hiyo akamlipa. Tuseme, kwa mfano, ni binti wa Mombasa aliyeolewa akamfuata mumewe Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Ana watoto wawili, na wa pili bado ananyonya. Mume huendesha lori na nyumbani huonekana siku mbili kwa juma. Hana mama wa kumpokea mtoto, hana shoga wa kumpikia uji. Usingizi umemruka, kila kitu chamwudhi, na mwenyewe hajui kwa nini. Siku moja asema na mamaye kwa simu, na katika mazungumzo yamponyoka maneno kwamba kila Alhamisi yuko bibi mmoja wa Kimarekani ambaye huzungumza naye kwa muda wa dakika 50. Mama upande wa huku anyamaza. Kisha auliza: "Na mambo ya nyumbani mwako pia wamwambia?"

Mama huyo hakukosa kuuliza. Ndani ya swali lake zimo khofu mbili: khofu kwamba mwanawe amepatwa na wazimu, na khofu kwamba siri ya nyumba imetoka nje. Twapenda kuzijibu zote mbili, lakini kwanza yatupasa tumjue huyo bibi wa Alhamisi ni nani, kwani wako wanaomdhani daktari, na wako wanaomdhani mtu tu aliyejipachika kazi ya kusikiliza maneno ya watu.

Yeye si daktari, wala hana ruhusa ya kuandika dawa. Kwa jina la kazi yake ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, wa daraja ile iliyopewa idhini ya kutibu nafsi kwa mazungumzo. Kazi hii asili yake ni kwa watu maskini. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenziwe Ellen Gates Starr walifungua nyumba mjini Chicago, iliyoitwa Hull House, wakaishi humo katikati ya wageni waliohamia kutoka Ulaya, ili wapate kuzijua shida zao kwa macho na si kwa kusimuliwa. Mwaka 1905 hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, iliweka watu wa kufuatia khabari za wagonjwa majumbani mwao, kwa sababu daktari wake mmoja, Richard Cabot, aliona hapana faida kubwa ya kumpa mtu dawa kisha kumrudisha katika chumba kile kile chenye unyevu na njaa ile ile. Mwaka 1917 Mary Richmond alitoa kitabu cha kuwafundisha wafanyakazi hao namna ya kuuliza na kupima khabari za mtu na jamaa zake kabla ya kuamua la kumsaidia. Na mwaka 1918, wakati wa vita vikuu, askari walipokuwa wakirudi na nafsi zimetikisika, chuo cha Smith katika jimbo hilo hilo la Massachusetts kikaanza kuwafundisha wanawake kazi ya kuwahudumia watu wa namna hiyo.

Siku hizi mtu hawi na idhini hiyo mpaka apate shahada ya pili, kisha afanye kazi chini ya macho ya mkubwa wake kwa muda ambao katika majimbo mengi hufika miaka miwili au zaidi, kisha ashinde mtihani, ndipo jimbo limpe leseni. Na leseni hiyo akifanya khiyana hunyang'anywa. Nao ndio kundi kubwa kuliko yote katika wale wanaotibu nafsi za watu huko Marekani. Basi mtu akisikia jina "mfanyakazi wa jamii" asifikiri ni mgawaji wa mablanketi tu.

Asili ile ya umaskini haikupotea bure, maana ndiyo inayomtofautisha mfanyakazi huyu na wengine. Daktari hukuuliza waumwa wapi. Huyu naye huuliza hayo, lakini hakomi hapo: waishi na nani, kodi hulipwa na nani, mtoto analelewa na nani uendapo kazini, mara ya mwisho ulicheka na nani. Kwake yeye mtu hakatwi akaondolewa katika nyumba yake na mtaa wake, akachunguzwa kama jani lililokwanyuliwa mtini. Na siku ya kwanza aghalabu hutoa karatasi ya maswali. Iko moja mashuhuri yenye maswali 9, iliyotolewa mwaka 2001, na imefasiriwa kwa Kiswahili pia: huuliza katika majuma mawili yaliyopita ni mara ngapi mtu amekosa raha katika mambo aliyokuwa akiyapenda, amekosa usingizi au amelala kupita kiasi, amejiona hafai, na kadhalika. Kila jibu hupewa alama toka 0 mpaka 3, hivyo jumla haizidi 27. Karatasi hiyo haimfanyi mtu mgonjwa wala haimponyi. Kazi yake ni kama ile ya kipimajoto, ili baada ya miezi miwili ijulikane kama homa imeshuka au imepanda.

Na mambo yanayoletwa kwake kwa wingi si wazimu hata kidogo. Ni mume na mke wasiosemezana ila juu ya ada ya shule. Ni kijana aliyefeli mtihani akawa hatoki chumbani. Ni mtu aliyefiwa na baba, matanga yakaondoka, watu wakarudi makwao, na yeye akabaki pale pale. Ni mwanamke anayemwuguza mkwewe mwaka wa nne, akachoka, kisha akajilaumu kwa kuchoka. Ni kazi inayomla mtu mpaka Ijumaa yake. Mambo haya kila nyumba yayajua, na kwa kuwa kila nyumba yayajua, huambiwa tu "subiri" na "utazoea". Kusubiri ni jambo tukufu na hatusemi neno dhidi yake. Lakini mtu aliyechomwa na mwiba haambiwi asubiri hali mwiba ungali mguuni.

Turudi kwa binti wetu wa Columbus tuone atafanyiwa nini. Kwanza atapelekwa kwa daktari, kwani mshauri mwema ajua kwamba mwanamke aliyezaa karibuni huweza kupatwa na huzuni iletwayo na uzazi wenyewe, au upungufu wa damu, na mambo hayo hayatulizwi kwa maneno matupu. Kisha ataulizwa juu ya fikira zinazomjia. Jambo hili latokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, ambaye katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wenye huzuni walikuwa na fikira za haraka haraka zinazowapitia kichwani, ambazo hawakuzihoji hata mara moja, bali walizipokea kama khabari za kweli. Binti atasema: "Mimi ni mama mbaya." Ataambiwa aandike: fikira hiyo imekuja saa ngapi, nini kilitangulia, una ushahidi gani wa kuikubali na ushahidi gani wa kuikataa. Pengine ataona huja kila siku saa 11 alfajiri, baada ya usiku mzima wa kunyonyesha, na mchana haiji. Basi yule aliyejiita mama mbaya kumbe ni mama asiyelala. Kisha, kwa kuwa mshauri huyu ni mtu wa ustawi wa jamii, hatamwacha na daftari tu. Atauliza kama msikiti wa karibu una jumuiya ya akina mama, kama liko jambo ambalo mume aweza kulibadili katika safari zake, kama wako jirani wa nyumbani kwao.

Wako wanaoogopa kwamba mshauri wa Kimarekani kazi yake ni kuwaambia wanawake waachane na waume zao. Mshauri anayejua kazi yake hamwamulii mtu. Hata hivyo hatuwezi kusema wote ni sawa. Wako wasioujua Uislamu hata kidogo, na mtu huweza kukuta nusu ya saa aliyoilipia yapita katika kueleza kwa nini afunga Ramadhani, au kwa nini mama mkwe yumo nyumbani. Kubadili mshauri ni haki ya mteja, na si utovu wa adabu. Ziko pia taasisi za Waislamu wenyewe, mfano wa Khalil Center iliyoanzia Chicago, ambazo washauri wake ni watu wenye leseni na wenye kujua dini.

Sasa tuje kwenye khofu ya kwanza ya mama. Je, kusema kwamba nafsi ina dhiki ni upungufu wa imani? Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba imani yake ilikuwa pungufu. Mwaka aliofiwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, Waislamu wauita mpaka leo mwaka wa huzuni. Na katika wanavyuoni wa zamani alikuwako Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh katika nchi ambayo sasa ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934. Yeye alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaweka sehemu nzima kwa ajili ya nafsi peke yake, akazigawa dhiki zake katika mafungu ya hasira, khofu, huzuni na wasiwasi. Alisema jambo ambalo twaona lafaa kubandikwa mlangoni mwa kila mshauri: kwamba maradhi ya mwili mtu huweza kukaa muda mrefu bila ya kuyaona, lakini dhiki za nafsi humpitia kila mtu, karibu kila siku. Na alieleza kwamba dawa ya nafsi ina njia mbili, moja ya ndani, nayo ni fikira njema ambazo mtu huziweka akiba wakati wa raha, kama vile mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua; na moja ya nje, nayo ni maneno ya mtu mwingine. Kwa nini wa nje? Kwa sababu aliyezidiwa na dhiki, akili yake mwenyewe imeshughulishwa, haiwezi kujisaidia. Haya yalisemwa karibu miaka elfu moja kabla ya Jane Addams kupanga nyumba Chicago. Kitabu hicho kilikaa kwa karne nyingi bila ya kushughulikiwa sana. Katika zama zetu Malik Badri, mwanavyuoni wa elimu ya nafsi kutoka Sudan, aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyefanya bidii kukifasiri na kukijulisha kwa watu. Kwa hiyo anayesema kwamba jambo hili limeletwa na Wazungu tu, aseme kwa kiasi.

Khofu ya pili ndiyo nzito zaidi, yaani khofu ya siri. Waislamu tumefundishwa kusitiri. Kumtaja mtu kwa aibu yake hali hayupo ni kumsengenya, na kusengenya ni dhambi. Binti akimweleza mgeni ubakhili wa mumewe, si amemsengenya? Wanavyuoni hawakuliacha swali hili bila ya jibu. Imam Nawawi amehesabu mambo sita ambayo kwayo huruhusiwa kumtaja mtu kwa asilolipenda, na miongoni mwayo ni kumshtaki aliyekudhulumu mbele ya mwenye uwezo, na kutaka fatwa. Hind binti Utba alimwendea Mtume akamweleza kwamba mumewe, Abu Sufyan, hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Hakukemewa kwa kumtaja, bali alipewa jibu la shida yake. Kwa hiyo kipimo ni haja. Anayesema ili apate msaada, akasema kwa yule awezaye kumsaidia, na kwa kadiri ya haja yake, huyo hayuko katika fungu moja na yule anayeyamwaga yale yale kibarazani. Twaongeza hapa neno letu: yako mambo ya chumbani ambayo hata kwa mshauri hayana haja ya kutajwa, na mshauri mwema hayadai.

Lakini je, yeye naye atasitiri? Hapa iko kesi moja ambayo kila mwenye khofu hii angependa kuijua. Mwaka 1991, katika jimbo la Illinois, askari polisi mwanamke alimpiga mtu risasi akiwa kazini, na mtu huyo akafa. Baada ya tukio hilo askari alikwenda kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni, wakazungumza mara 50 hivi. Jamaa wa marehemu waliposhtaki, walitaka waone yaliyoandikwa katika mazungumzo yale. Jaji akaamuru yatolewe. Askari na mshauri wake wakakataa. Jaji akawaambia wazee wa baraza kwamba wana haki ya kudhani yaliyofichwa yangemwumiza askari, na mwisho akahukumiwa kulipa dola 545,000. Kesi ilipanda ngazi mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nayo tarehe 13 Juni 1996, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikaamua kwamba mazungumzo ya namna ile yana hifadhi, na mahakama za serikali kuu haziwezi kuyadai. Wala hifadhi hiyo haikuwekwa kwa madaktari wakubwa peke yao. Mahakama iliwataja wafanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa sababu wanaowaendea mara nyingi ni maskini na watu wa kipato kidogo wasioweza kumlipa daktari wa nafsi, na si haki siri ya tajiri ilindwe na ya maskini iachwe wazi. Kesi hiyo yaitwa Jaffee na Redmond.

Mmoja wa wale majaji wawili waliokataa, Antonin Scalia, alitoa hoja ambayo ingempendeza mama wa Mombasa. Alisema kwa maana yake kwamba ukimwuliza mtu wa kawaida kipi kinamfaa zaidi nafsini mwake, maneno ya mtaalamu au maneno ya mama yake, wengi watamtaja mama. Na hata hivyo sheria haijamwekea mama na mwanawe hifadhi yoyote mahakamani. Twakiri hoja hii ina utamu. Lakini yule askari angemwambia nini mamaye? Yako mambo ambayo mtu humficha mama kwa sababu ampenda, ili asimwongezee usiku mwingine wa kukesha. Na binti wa Columbus, akimweleza mamaye kila siku kwamba hana raha, atakuwa amemwongezea mama mzigo ambao hawezi kuubeba kwa umbali wa bahari nzima. Na siku akipatana na mumewe, yeye atasahau, mama hatasahau.

Walakini hifadhi hiyo ina mipaka yake, na mshauri mwaminifu huitaja siku ya kwanza kabla hajasikia lolote. Mtu akieleza kwamba ataka kujiua, au kumdhuru mtu anayejulikana, au ikijulikana kwamba mtoto anateswa, mshauri hana ruhusa ya kunyamaza. Mpaka huo wa kumdhuru mwingine ulitiliwa nguvu na mahakama ya California mwaka 1976, baada ya mwanafunzi mmoja kumwambia mtaalamu wake nia ya kuua, naye akatimiza.

Tumesema juu ya mama, na hapa twataka kuingiza khabari ya Afrika, kwa sababu si kila mtu ana dola za kulipia dakika 50. Katika Zimbabwe daktari wa nafsi Dixon Chibanda aliona nchi yake ina madaktari wa namna yake wanaohesabika kwa vidole, na mgonjwa wake mmoja alijiua baada ya kukosa nauli ya kumfikia. Toka mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, akaanza na bibi wazee 14, akawafundisha, akawakalisha juu ya mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Aliyezidiwa na mawazo huketi karibu na bibi, bibi humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua shida moja, si zote, na kuitafutia njia. Mwaka 2016 ilitolewa khabari ya jaribio lililofanywa katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, na baada ya miezi 6 waliokaa na bibi walikuwa nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa Kishona huzuni hiyo huitwa kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Nasi Waswahili twasema "ana mawazo", na sote twajua si mawazo ya kutafuta ushairi. Desturi hiyo ya benchi imefika hata Zanzibar. Basi Scalia hakukosea kabisa: maneno ya mama yana nguvu, ila bibi wa Harare alifundishwa kwanza, na anayemwendea si mwanawe.

Sasa juu ya mtandao wenyewe. Kabla ya mwaka 2020 washauri wengi walikaa ofisini, na kwa mtandao walitibu wachache. Ugonjwa wa Korona ulipofunga milango, kazi ikahamia kwenye vioo, na sehemu kubwa haikurudi. Faida yake twaijua: mama mwenye mtoto mchanga hana haja ya kutafuta gari, na anayeona haya haonekani akiingia mlango wenye kibao. Lakini khatari pia ziko. Kampuni moja kubwa ya Marekani, BetterHelp, ilituhumiwa na tume ya serikali inayolinda wanunuzi kwamba iliwaahidi watu siri, kisha khabari zao, hata ile ya kuwa wametafuta tiba ya nafsi, zikapelekwa kwa Facebook na wengineo kwa ajili ya matangazo. Mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 7.8, bila ya kukiri kosa. Ona basi: mshauri amefunga mdomo wake, na huku sanduku analosemea ndilo linalovuja. Kwa hiyo yafaa kuuliza kabla ya kulipa: wewe jina lako ni nani, leseni yako imetolewa na jimbo gani na ni namba ngapi, na maandishi yangu yanawekwa wapi. Namba hiyo mtu huweza kuitazama mwenyewe katika daftari la jimbo. Asiyetaka kuitaja, tumwache na biashara yake.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba leseni hiyo ina mipaka kama shamba. Mshauri mwenye leseni ya Ohio huruhusiwa kumtibu aliyeko Ohio saa ile ile ya mazungumzo. Mteja akisafiri kwenda jimbo lingine, au akija Mombasa kwa likizo, ruhusa huweza kukoma. Ndiyo maana mshauri huanza kwa kuuliza, "Leo uko wapi?" Si udadisi. Auliza kwa ajili ya sheria, na pia ili ajue aite msaada wa mahali gani mteja akizidiwa. Kwa sababu hiyo jamaa walioko huku wasidanganywe na tangazo kwamba mtaalamu wa Marekani atawatibu popote walipo. Kenya ina sheria yake ya washauri na wanasaikolojia toka mwaka 2014. Na Tanzania ina Chuo cha Ustawi wa Jamii mjini Dar es Salaam toka mwaka 1973, na maofisa wa ustawi wa jamii wako katika halmashauri za wilaya.

Vijana nao wametuzidi kwa jambo jipya: wako wanaoieleza kompyuta dhiki zao, nayo ikawajibu kwa maneno laini kama ya mtu. Mashine hiyo haina leseni ya kunyang'anywa, wala haikuapa. Jimbo la Illinois mwaka 2025 lilipitisha sheria ya kuizuia isitumike kutibu watu mahali pa mtaalamu, na twaona lilifanya vyema.

Wala mshauri wa mtandaoni si wa kila shida. Anayesikia sauti zisizokuwapo, anayepigwa na mtu aliye chumba cha pili akisikiliza, anayeitafuta njia ya kujitoa roho, hawa wahitaji mtu wa kuwashika mkono, hospitali, au jamaa wa kukaa nao usiku huo huo. Walioko Marekani wana namba ya simu 988, iliyoanza kazi Julai 2022, na hupokelewa usiku na mchana.

Limebaki jambo la mahali pa kukaa, na akina mama wengi watalijua. Nyumba zetu zina watu. Kuta ni nyembamba, na mtoto hasikii neno "faragha". Wako wanaoingia garini wakafunga vioo. Wako wanaongoja watoto waende madrasa. Wengine hufungua bomba la maji bafuni ili sauti isitoke, ijapokuwa jambo hilo twalichukia kwa sababu ya israfu. Visikizio vya masikioni huficha sauti ya mshauri, lakini yako haifichiki. Basi ambaye hana pa kusemea na aseme hivyo mapema, kwani mshauri huweza kukubali kuandikiana badala ya kusemezana, au kuigeuza saa ikaangukia wakati nyumba iko kimya. Na mume akiwako nyumbani Alhamisi hiyo, amchukue mtoto.